Silikanti wa Tanga si mgeni

Wasikilizaji wangu wa kila wiki, na ninyi wasomaji mnaoyapata mazungumzo haya gazetini baada ya kusomwa redioni, leo nina deni la kulipa. Ni deni la miaka mingi, na mdai wangu ni mzee mmoja wa kijiji cha Kigombe, kusini mwa mji wa Tanga, kwenye barabara iendayo Pangani.

Mwaka 2005 nilikuwa kijana, stashahada ya uandishi wa habari ikingali mbichi mfukoni, nikatumwa Kigombe na kinasa sauti begani. Wavuvi walikuwa wamemnasa katika jarife samaki ambaye kwa mtu wa mjini alikuwa kioja. Alikuwa mrefu kuliko mtoto wa darasa la tatu, magamba yake mazito na makavu, rangi yake samawati iliyokolea yenye mabaka meupe. Mapezi yake yalikuwa na nyama ndani, mithili ya vijimkono na vijiguu, na mkia wake ulichomoza kishungi cha ziada katikati. Huyo ndiye silikanti. Niliwahoji watu, nikarudi mjini, nikaandika taarifa fupi. Ndani yake nilitamka, kwa sauti ya mtu ajuaye, kwamba samaki yule alikuwa mgeni aliyepotea njia, akachukuliwa na maji kutoka Visiwa vya Komoro.

Miezi michache baadaye nilipita tena pale, na mzee mmoja akaniita chini ya mwembe alikokuwa akishona wavu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, miye nilikusikia redioni. Huyo mgeni wako mbona harudi kwao? Mwezi huu tumempata, mwezi ule tumempata. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe analo siku nyingi."

Nilicheka, nikamuaga. Sikusahihisha kitu. Nilijiambia kwamba mimi nimewanukuu wataalamu, na yeye ni mshona nyavu. Leo nataka kueleza jinsi maabara ilivyokuja kumpa haki yule mshona nyavu, na kwa nini jambo hilo si la kuchekesha hata kidogo.

Hadithi yenyewe inaanzia mbali na Tanga. Tarehe 22 Desemba 1938, katika mji wa East London, Afrika Kusini, binti mmoja mtunza makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, aliitwa bandarini kutazama samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Chini ya rundo la papa na samaki wengine akaona pezi la samawati. Alipoufukua mzigo akamkuta samaki asiyemjua, mwenye uzito wa kilo 57 na ushei. Akamchorea picha Profesa J. L. B. Smith wa Grahamstown, na Smith alipoiona picha hiyo hakuyaamini macho yake. Samaki wa ukoo ule walijulikana kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, na ilisadikiwa kwamba wote walikuwa wametoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, zama zilezile za kutoweka kwa madubwana ya nchi kavu. Smith akampa jina la kitaalamu Latimeria chalumnae, kwa heshima ya yule binti na ya mto Chalumna, ambao alivuliwa karibu na mlango wake.

Kwa bahati mbaya matumbo yote yalikuwa yameoza na kutupwa. Smith akahitaji samaki wa pili. Akachapisha karatasi zenye picha, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaahidi zawadi ya pauni 100, na karatasi hizo zikasambazwa katika pwani yetu yote hii. Mwaka 1952, huko Unguja, karatasi hizo zilimfikia nahodha mmoja Mwingereza, Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara kati ya Unguja na Komoro. Desemba ya mwaka huohuo mvuvi wa kisiwa cha Anjouan, Ahamadi Abdallah, akamvua samaki kwa mshipi. Mwalimu wa shule, Affane Mohamed, akamwona sokoni, akaikumbuka ile picha, na samaki akapelekwa kwa Hunt. Hunt akamtia chumvi, kisha akamchoma dawa ya formalini asioze. Smith akamwomba ndege ya jeshi Waziri Mkuu wa Afrika Kusini wa siku hizo, D. F. Malan, akaruka hadi Komoro kumchukua.

Hapa pana mambo mawili ya kuyaweka akilini. La kwanza ni kwamba Wakomoro hawakushangaa. Samaki huyo walimjua tangu enzi za mababu, wakimwita gombessa, na hawakumthamini sana kwa kitoweo. Aliyeshangaa ni ulimwengu. La pili ni kwamba Smith, bingwa kama alivyokuwa, alidanganyika. Samaki wa Anjouan hakuwa na pezi la mbele la mgongoni, na Smith akatangaza kwamba huyo ni jamii nyingine kabisa, akampa jina la kumheshimu Malan. Baadaye ikadhihirika kwamba lile pezi lilipotea kwa jeraha tu, na samaki alikuwa yuleyule. Jicho la bingwa lilihesabu kovu kuwa ukoo.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, karibu kila silikanti aliyevuliwa alitoka Komoro. Ndipo ikazuka ile nadharia niliyoirudia mimi redioni: kwao ni Komoro, na yeyote anayeonekana pwani ya bara amepotea. Mwaka 1991 alinaswa mmoja Msumbiji. Wataalamu wakapima vinasaba vyake, na mwaka 1993 wakaeleza kwamba havikuachana na vya samaki wa Komoro. Nadharia ya mgeni ikapata nguvu. Kisha mambo yakaanza kujaa. Mwaka 2000 wazamiaji wakawaona silikanti hai Sodwana, Afrika Kusini. Mwaka 2001 mmoja akanaswa Malindi, Kenya. Mwaka 2003 ikawa zamu ya Kilwa, na muda si mrefu jarife za Tanga zikaanza kuwaleta, mmoja baada ya mwingine.

Sasa swali la yule mzee likawa swali la sayansi: Je, hawa ni wageni au wenyeji? Huwezi kulijibu kwa kumtazama samaki. Wa Tanga na wa Komoro ukiwalaza pamoja ni kama pacha. Na tumeona jicho lilivyomponza Smith.

Ndugu msomaji, neno vinasaba tunalisikia siku hizi mahakamani, watu wanapogombea mtoto, kwa jina la DNA. Ndani ya kila chembe ya mwili wa kiumbe mna uzi mwembamba mno wenye maandishi ya herufi 4 tu, zikijipanga huku na huko kwa mamilioni. Mtoto hunakili maandishi ya wazazi wake. Katika kunakili hutokea makosa madogo, herufi moja hapa, nyingine pale, na makosa hayo naye huwarithisha wanawe. Watu wawili wakiwa na makosa yaleyale, jua wamenakili kitabu kimoja. Wakiwa na makosa mengi tofauti, jua vitabu vyao viliachana zamani. Na kwa kuwa makosa hujikusanya polepole kadiri miaka inavyopita, mtaalamu huweza kuyahesabu na kukadiria ni lini koo mbili ziliagana.

Pana sehemu moja ya chembe, iitwayo mitokondria, ambayo ina kijitabu chake chenyewe, na kijitabu hicho hurithiwa kwa mama tu. Kwa silikanti kina herufi zipatazo 16,400. Kilisomwa chote kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Ukikisoma hicho unafuata mlolongo wa kike: mama, bibi, mama wa bibi, hadi mbali sana.

Lakini maandishi ni madogo mno kusomeka. Mlango ulifunguliwa mwaka 1983, pale Mmarekani Kary Mullis alipobuni njia ya kunakili kipande cha vinasaba ndani ya kichupa. Njia hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Maji yenye vinasaba huchemshwa karibu nyuzi 95, uzi wenye nyuzi mbili ukaachana. Hupozwa, vipande vidogo vya kuanzia vikashika mahali pake. Kisha hupashwa tena, na kimeng'enya kikajenga upya upande uliokosekana. Moja imekuwa mbili. Rudia, mbili huwa nne, nne huwa nane. Ukirudia mara 30, kipande kimoja kimezaa nakala zaidi ya bilioni moja. La ajabu ni kwamba kimeng'enya kinachostahimili moto huo kilitokana na kijidudu cha chemchemi za maji moto huko Yellowstone, Marekani. Kwa njia hii kipande cha nyama kiasi cha punje ya hindi, kikitiwa katika spiriti kali, kinatosha. Ile formalini ya nahodha Hunt iliuokoa mwili wa samaki, ila dawa hiyo huyakatakata na kuyagandisha maandishi ya vinasaba. Ndiyo maana wavuvi na mabwana samaki wa leo hufundishwa kuchukua kipande kibichi kwanza, kabla samaki hajawekwa dawa.

Maabara ilipata kujaribiwa kwa silikanti upande wa pili wa bahari. Mwaka 1997 mwanasayansi Mmarekani, Mark Erdmann, akiwa na mkewe Arnaz katika fungate yao, walimwona silikanti akipitishwa sokoni Manado, Indonesia, kilomita 10,000 hivi kutoka Komoro. Mwaka 1998 wavuvi wakamletea mwingine. Kwa umbo alikuwa yuleyule wa Afrika, tofauti kubwa ikiwa rangi yake ya kahawia. Vinasaba vilipopimwa, ikaonekana wawili hao si jamii moja. Mwaka 1999 yule wa Indonesia akapewa jina lake, Latimeria menadoensis. Makadirio ya mwanzo yalisema waliachana miaka milioni chache tu iliyopita, lakini kijitabu chote cha mitokondria kiliposomwa na kutangazwa mwaka 2005, ikawa ni miaka kati ya milioni 30 na 40. Smith aliona wawili pale palipokuwa na mmoja. Manado palikuwa na wawili, na jicho likaona mmoja.

Turudi nyumbani. Wataalamu wa Chuo cha Teknolojia cha Tokyo, Japani, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania, walikusanya vipande vya nyama vya samaki walionaswa katika nyavu zetu. Wakasoma vijitabu vyote vya mitokondria vya silikanti 21 wa Tanzania na 2 wa Komoro, wakavilinganisha na vingine vilivyokwisha kusomwa. Matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Silikanti wa kaskazini mwa pwani ya Tanzania, yaani wa Tanga, ni kundi lenye maandishi yake. Hawachanganyiki na wa Komoro. Wameachana na wenzao kwa muda usiopungua miaka 200,000.

Miaka 200,000, ndugu zangu! Hapo hapajakuwa na Tanga, hapana Kilwa, hapana jahazi wala kusi iliyowahi kusukuma tanga la mtu yeyote. Yule niliyemwita mgeni alikuwa amekwisha kufika, akakaa, akazaa na kuzikwa hapo, kabla babu zetu hawajafikiria kuchonga ngalawa.

Jambo la kupendeza zaidi ni kwamba samaki wa kusini, wa upande wa Kilwa, hawakuonekana kutofautiana na wa Komoro. Laiti taarifa yangu ningeitolea Kilwa, leo ningekuwa na utetezi kidogo. Kwa nini iwe hivyo katika pwani moja? Watafiti walielekeza kidole kwenye mkondo wa bahari. Kila nahodha wa pwani hii anajua kwamba maji yetu huvuta kuelekea kaskazini. Mkondo huo huenda unawazuia wa Tanga wasishuke kusini kuchanganya damu na wenzao. Elimu ya nahodha na elimu ya maabara zimekutana hapo.

Vinasaba havikuishia hapo. Aprili 2013 kilitangazwa kitabu kizima cha vinasaba vya silikanti, chenye herufi karibu bilioni 3, kutokana na samaki wa Komoro. Kilionyesha kwamba jeni zake hubadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu, na kwamba kambaremamba, yule samaki wa matope mwenye mapafu, ndiye aliye karibu zaidi nasi kinasaba kuliko yeye. Mwaka huohuo watafiti wa Ujerumani wakatoa habari nyingine. Silikanti hatagi, huzaa watoto hai. Wakawapima mama wawili waliokufa na mimba: yule wa Msumbiji wa mwaka 1991 aliyekuwa na watoto 26 tumboni, na mwingine aliyenaswa Zanzibar mwaka 2009 akiwa na 23. Kwa kupima vituo 14 vya vinasaba vya kila mtoto, walikuta kwamba kila mama alikuwa amezaa na baba mmoja tu.

Nasimama kidogo hapo, kwa sababu hapo ndipo mzaha unapokwisha. Mama mmoja ndani ya wavu mmoja: roho 24 kwa usiku mmoja. Na mwaka 2021 watafiti waliochunguza magamba ya silikanti walikadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, kwamba jike hafikii kuzaa hadi akaribie miaka 60, na kwamba mimba yake huchukua yapata miaka 5. Ng'ombe ukimchinja leo, mwakani utapata mwingine. Silikanti jike ukimwua leo, mjukuu wako ndiye atakayemwona wa kumrithi, kama wapo.

Sasa mnaona kosa langu la mwaka 2005 lilikuwa na uzito gani. Mgeni aliyepotea hahitaji ulinzi. Akinaswa, utasema alikuwa afe tu, na kwao Komoro wamebaki wengi. Lakini mwenyeji akiisha, ameisha. Wa Komoro hawezi kuhesabiwa badala yake, maana ni wa kundi jingine. Neno langu moja la kizembe, lililosikika katika nyumba nyingi, lilikuwa upande wa jarife.

Mwaka 2009, hata kabla ya majibu ya Tokyo kuchapishwa, Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayofuata pwani kutoka upande wa Pangani hadi Tanga. Ni jambo jema, na vinasaba vimekuja kuwa shahidi wake mkubwa. Hata hivyo sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mvuvi wa Kigombe hamtafuti silikanti. Anatega jarife la papa kwenye maji ya kina, kwa sababu karibu na pwani samaki wamepungua, na watoto wanataka ada na uji. Ukimwambia aache jarife pasipo kumpa njia nyingine, umemwambia alale njaa kwa ajili ya samaki asiyelika vizuri. Hifadhi itakayodumu ni ile ambayo yeye ameketi barazani wakati wa kuipanga, akasikilizwa kama shahidi na asiitwe kama mshitakiwa.

Kuna na jambo la pili. Vipande vile vya nyama vilitoka katika nyavu zetu, vikasomewa Tokyo. Siwalaumu Wajapani; walifanya kazi safi, na Watanzania walishiriki. Lakini mashine za kunakili vinasaba si muujiza tena. Zimo katika maabara zetu, na wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020 kila mtu alizisikia. Mashine zilezile zinaweza kutuambia papa gani anauzwa sokoni akiwa amekatwa kichwa na mapezi, na nguru wa Mafia na wa Pemba ni ndugu au majirani. Mwaka 1994 wanasayansi wawili, Scott Baker na Stephen Palumbi, walitangaza kwamba walinunua nyama ya nyangumi madukani Japani, wakanakili vinasaba vyake ndani ya chumba cha hoteli, wakagundua imo nyama ya nyangumi waliokatazwa kuvuliwa. Chumba cha hoteli! Sisi tuna vyuo vikuu na taasisi ya utafiti wa uvuvi. Vijana wapo, wapewe kazi na vifaa.

Yule mzee wa Kigombe sikumkuta nilipopita mara ya mwisho. Mwembe upo, na chini yake ameketi kijana anashona wavu. Nilimwamkia, naye akanipa shikamoo, nikajua umri umekwenda. Nikamweleza habari ya vinasaba na miaka 200,000. Akasikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema: "Basi babu alisema kweli."

Naam, alisema kweli. Vitabu vya maabara vimeandika matokeo, na jina lake halimo. Yeye alihesabu miezi na nyavu, akafikia jibu miaka 6 kabla ya mashine, na mwandishi wa habari aliyesimama mbele yake na kinasa sauti hakubonyeza kitufe. Kwa hiyo nasahihisha leo, hewani na kwa maandishi: silikanti wa Tanga si mgeni. Ni mwenyeji wa zamani kuliko sisi sote, na anastahili heshima ya mwenyeji.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.